Kidhibiti joto cha jiko la moshi la umeme: STC-1000, Inkbird, REX-C100 au Auber?

Ulizia kidhibiti joto kwenye maduka ya vifaa vya umeme na kuna uwezekano mkubwa utapewa STC-1000: kiboksi cheusi chenye tarakimu nyekundu, kile kile wanachofunga mafundi wa mashine za kutotolesha vifaranga. Kwa mayai hakina mpinzani. Kwa jiko la moshi kina kasoro ambayo muuzaji hataitaja kwa sababu hajawahi kuulizwa: kinaishia 99°C. Anayetaka kubanika kifua cha ng'ombe kwa 110°C au 120°C amekwama kabla hajakaza skrubu ya kwanza.

Ndiyo maana hapa tunaanza na joto, si na bei. Samaki wa kubanika, awe sato, sangara au kambale, huanza taratibu: 30 hadi 40°C kwa saa moja au mbili ili akauke juu, kisha 60°C na moshi, mwisho 80°C mpaka nyama ya ndani ifike 63°C na ikae hapo nusu saa. Ukimpandishia moto mapema, ute mweupe wa protini hutoka juu, ngozi hufunga, na maji hubaki ndani; siku mbili baadaye anaota ukungu. Soseji nazo hazitaki zaidi ya 80°C ndani ya jiko, la sivyo mafuta huyeyuka na kukusanyika chini ya utumbo. Zinatolewa zikifika 71°C katikati. Kazi zote hizo zinaingia ndani ya uwezo wa kidhibiti cha 99°C. Kuku mzima ni habari nyingine. Ndani anatakiwa afike 74°C, na kwa jiko la chini ya 100°C ngozi yake huwa kama mpira. Kifua cha ng'ombe kinachotakiwa kuchambuka kwa vidole hufika 93 hadi 95°C ndani, na jiko lenye 95°C haliwezi kukifikisha huko hata ukikesha nalo.

Kwa nini lakini ubadilishe themostati iliyokuja na jiko? Kwa sababu ile ya kuzungusha kwa kitasa huwa imebanwa ukutani, mbali na nyama, na hupima joto la bati. Kwenye majiko ya bei nafuu si ajabu joto kupanda na kushuka kwa nyuzi 10 hadi 20 za Selsiasi kila mzunguko. Kwa kifua cha ng'ombe hilo linavumilika. Kwa samaki na soseji halivumiliki.

STC-1000: ya mayai na samaki

Tuanze na sifa zake, maana zipo. Hujirekebisha kwa hatua ya 0.1°C, rilei yake (swichi inayowasha na kuzima hita) ni ya 10A, na mipangilio ni minne tu: F1 ni joto unalotaka, F2 ni tofauti, F3 ni muda wa kusubiri kwa ajili ya kompresa ya friji, F4 ni kusahihisha kihisi. Ukiweka F1 80 na F2 1.0, hita huzima ikifika 80 na kuwaka tena ikishuka hadi 79. Tatizo ni kwamba hita ikizima bado ina joto lake, nayo huendelea kuligawa. Kwenye kabati dogo lenye hita ya wati 1500, skrini huonyesha 80 hita inapozima, kisha hupanda 84, 86, wakati mwingine 90, ndipo irudi. Kupunguza F2 hadi 0.3 hakusaidii, kunaongeza tu kugongagonga kwa rilei. Dawa ni hita ndogo. Kabati la lita 200 lenye kuta za maboksi mawili na pamba ya kuzuia joto katikati linatosheka na wati 800 kwa joto la samaki.

Kosa la kufunga linalorudiwa na karibu kila anayeanza: namba 1 na 2 ni umeme wa kuendesha kifaa, 3 na 4 ni kihisi, 5 na 6 ni rilei ya joto, 7 na 8 ni rilei ya baridi. Rilei hiyo ni swichi tupu, haitoi umeme wowote yenyewe. Lazima uvute waya wa laivu kutoka namba 1 kwenda 5, ndipo 6 iende kwenye hita. Mtu asiyejua hufunga hita moja kwa moja kwenye 5 na 6, taa ya kifaa inawaka, hita haipati moto, na kifaa kinarudishwa dukani eti kibovu.

Kihisi chake ni cha aina ya NTC chenye waya wa plastiki. Usiujaribu juu ya 100°C. Plastiki hulainika, mvuke wa chumvi na moshi huingia, na skrini huanza kusoma joto la uongo kabla haijaandika kosa lolote.

Inkbird ITC-308: kile kile, bila kushika waya

Hii ndani yake ni ndugu wa STC-1000: nayo inaishia 99°C, nayo ni ya kuwasha na kuzima tu, 10A, yaani wati 2200 kwenye umeme wa 220V. Tofauti ni kwamba inakuja na plagi na soketi mbili, moja ya joto na moja ya baridi, na ipo aina yenye plagi ya pini tatu za mraba inayoingia kwenye soketi zetu bila adapta. Kwa asiye fundi na anayebanika samaki au soseji, hii ndiyo ya kununua. Kaa chini ya wati 1500 ikiwa jiko litawaka saa nyingi mfululizo. Namba ya mwisho kwenye kibandiko si ya kazi ya kutwa. Ile soketi ya baridi nayo ina faida: wanaobanika kwa moshi baridi wanahitaji kabati lisizidi 30°C, jambo ambalo mchana wa Dar es Salaam au Mombasa haliwezekani bila friji kuukuu iliyochomekwa hapo.

Ila kabla ya kununua, angalia jiko lako lina vitufe au kitasa. Jiko la kitasa ukilikatia umeme na kuurudisha, huwaka lenyewe. Majiko mengi ya vitufe, yakiwemo yale ya Masterbuilt ya kidijitali, umeme ukirudi hukaa yamezima yakisubiri mtu abonyeze. Kidhibiti cha nje kitalizima mara moja na hapo ndipo mwisho wa kubanika. Jiko la namna hiyo lazima lifunguliwe nyuma na hita yake ipewe nyaya mpya zinazoruka bodi ya kielektroniki; swichi ya usalama ya joto iliyo karibu na hita ibaki kwenye mstari, isirukwe.

REX-C100: bei nzuri, hila nyingi

Juu ya 99°C tunaingia kwenye vidhibiti vya PID. Hivi havisubiri joto lifike ndipo vizime. Vinapokaribia, huanza kupunguza muda wa hita kuwaka: asilimia 60, 40, 20, mpaka vinatua. Kikipangwa vizuri, jiko hukaa ndani ya nyuzi 1 au 2.

REX-C100 asili yake ni muundo wa kampuni ya RKC ya Japani. Kinachouzwa kwa bei ya chini pamoja na SSR (rilei ya kielektroniki, isiyo na sehemu inayogonga) na kihisi cha K (cha nyaya mbili za metali tofauti) ni nakala, na nakala zina tabia zao. Kubwa kuliko zote: sanduku limeandikwa kwamba kinaendesha SSR, ndani kimewekwa rilei ya kawaida. Kabla ya kufunga chochote jikoni, kiwashe mezani, weka joto la 100, na pima kwa mita ya volti za DC kwenye vituo vya kutolea amri vilivyochorwa ubavuni. Taa ya OUT1 ikiwaka unapaswa kuona takriban 12V. Ukiona sifuri na kusikia mlio wa "tiki", umeuziwa cha rilei. Namba ya modeli nayo husema: sehemu yenye herufi M ni rilei, V ni ya SSR, japo kwa nakala kibandiko si ushahidi.

Je, cha rilei hakiwezi kutumika? Kinaweza, lakini piga hesabu. Rilei nyingi za 10A zimekadiriwa kugonga mara 100,000 zikiwa na mzigo kamili. Mzunguko wa kiwandani kwa rilei ni sekunde 20 (alama T kwenye menyu), hiyo ni mara 180 kwa saa, sawa na saa 555 hivi. Si haba. Sasa kuna anayesoma mtandaoni kwamba PID hufanya kazi vizuri kwa sekunde 2, anashusha T hadi 2 kwenye kifaa cha rilei. Mara 1800 kwa saa: rilei imekwisha kwa saa 55, na rilei inayokufa mara nyingi hugandia ikiwa imewasha. T ya 2 ni ya SSR peke yake.

Tukija kwenye SSR yenyewe, inayokuja kwenye seti ni SSR-40DA. DA maana yake inaamriwa kwa DC (3 hadi 32V) na inakata AC. Usinunue AA, inayoamriwa kwa AC, kwa kidhibiti hiki. Ile 40A iliyoandikwa usiiamini hata nusu kwa zile za bei ya chini. Kwa hita ya wati 2000, ambayo kwa 230V ni 8.7A, ya 40 inatosha na ya 10 haitoshi. Kila ampea inayopita huzalisha takriban wati 1 ya joto ndani ya SSR, hivyo ni wati 9 hadi 12 zinazotakiwa kwenda mahali. Ifunge kwenye bamba la aluminiamu lenye mapezi, na mafuta meupe ya kupitisha joto katikati, nje ya jiko na nje ya boksi la plastiki lililozibwa. SSR iliyobandikwa kwenye plastiki hufa mapema, nayo ikifa kwa kawaida hufa ikiwa imefungulia umeme. Jiko halizimi tena. Hili tutalirudia.

Menyu ya REX huingia kwa kushikilia SET sekunde chache. ATU ikiwekwa 1 kifaa hujifunza jiko lenyewe: hupandisha joto, hupita alama, hushuka, hupanda tena, kisha huandika P, I na D zake, namba tatu zinazoamua jinsi kinavyoibana hita. Fanya hivyo jiko likiwa katika hali ya kazi, mlango umefungwa, sufuria ya maji ikiwa mahali pake, joto likiwa limewekwa 100 au 110, nyama haimo. Ukilifundisha jiko tupu bila maji litakuwa na haraka kuliko linavyotakiwa, na siku ya kazi litasuasua. Ipo alama nyingine, Ar, ambayo wengi huiweka 0 wakidhani wanaizima bughudha. Ar ikiwa 0, ile I, inayofuta kosa dogo linalobaki, inazimika kabisa na joto hutua nyuzi kadhaa chini ya ulilotaka, halitoki hapo. Iache 25 iliyotoka nayo. Kama jiko linaruka sana juu kila unapofungua mlango, usihangaike na namba kwanza: zima hita wakati wa kuingiza nyama, maana kidhibiti kikiona joto limeporomoka hujilimbikizia deni na kulilipa kwa pupa mlango ukishafungwa.

Inkbird ITC-106VH na Auber

ITC-106VH ni ya ukubwa ule ule wa 48 kwa 48 mm, tundu lile lile, inakubali 100 hadi 240V, inasoma vihisi vya K na PT100 (cha platinamu), na inatoa ishara ya SSR kweli. Mwongozo wake unasomeka. Kwa tofauti ndogo ya bei hatuoni sababu ya kuchukua REX ya kubahatisha, isipokuwa tayari unayo. Kwa jiko unalotengeneza mwenyewe, hii pamoja na PT100 ndiyo chaguo letu.

Auber Instruments wa Marekani wanauza vidhibiti vya PID vya kuchomeka moja kwa moja, vilivyotengenezwa kwa ajili ya majiko ya moshi: hakuna kufunga waya, kihisi kina mkono wa chuma, na vinakubali hatua hadi sita za joto na muda. Soseji ndipo zinapoona raha: saa moja 55°C bila moshi, saa mbili 65°C na moshi, kisha 78°C mpaka kihisi cha pili kilichochomwa ndani ya nyama kiseme 71, kifaa kishuke chenyewe. Kinachowaangusha huku kwetu ni umeme. Vingi ni vya 120V. Ukikichomeka kwenye 230V umekiua. Jiko nalo vivyo hivyo: hita ya wati 800 ya 120V ukiipa 230V inavuta karibu wati 2900, na haimalizi dakika nyingi. Mwenye jiko lililotumwa kutoka Marekani atahitaji transfoma ya kushusha ya angalau wati 1500, na hapo Auber ya 120V baada ya transfoma inaleta maana. Kwa mwingine yeyote ni gharama bila sababu.

Kihisi ndicho kinachoamua

Kidhibiti cha bei mbaya chenye kihisi kilichokaa pabaya hushindwa na STC-1000 iliyofungwa kwa akili. Kihisi kikae usawa wa wavu wa nyama, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye nyama, kisiguse ukuta, kisiwe juu ya hita, wala chini ya nyama inayodondosha mafuta. Kikiegemea mnofu baridi, kidhibiti huona 40°C huku jiko likiwa 140.

K ina nyaya mbili zenye upande. Ukizigeuza, joto likipanda namba hushuka, na kidhibiti kwa utiifu wake huendelea kuwasha. Jaribio ni la sekunde tano: shika ncha kwa vidole, namba lazima ipande. Tena K hairefushwi kwa waya wa spika au wa simu. Tumia waya wa K wenyewe, la sivyo kosa la kusoma linalingana na tofauti ya joto kati ya ulipounga na kwenye kidhibiti, na kwa kuwa ulipounga ni ukutani mwa jiko, kosa hilo hufika nyuzi kumi na zaidi. PT100 ya nyaya tatu haina ubishi huo: mbili za rangi moja ni upande mmoja, ya tatu upande wa pili, na urefu haudhuru sana.

Kusahihisha: glasi ya barafu iliyosagwa na maji kidogo lazima isome 0. Kwa maji yanayochemka angalia ulipo. Dar es Salaam ni 100°C, Mwanza kama 96, Arusha 95 na kidogo, Nairobi 94. Mtu wa Nairobi anayelazimisha kihisi kisome 100 kwenye maji ya kuchemka anajiongezea kosa la nyuzi 6, na kuku wake atatoka akiwa na 68 badala ya 74.

Moshi unapokatika

Hili ndilo lalamiko la wanaohamia PID, nalo ni la haki. Hita ya themostati mbovu huwaka moto mwekundu kwa dakika kadhaa, vipande vya mbao juu yake vinafuka. PID ikishatua huwasha kwa mipigo mifupi, trei haipati joto la kutosha, moshi unakata. Usirudi kwenye themostati. Tenganisha kazi mbili: moshi utoke kwenye mrija wa chuma wenye matundu uliojazwa maranda yaliyoshindiliwa na kuwashwa upande mmoja, au kwenye hita ndogo ya pembeni isiyopita kwenye kidhibiti. Majiko ya Bradley yamejengwa hivyo tangu mwanzo, kichomea mbao kina hita yake ya wati 125 na kabati lina ya wati 500. Hapo kidhibiti cha nje kikate ya kabati tu.

Umeme wetu

Jioni volti zikishuka hadi 190, hita ya 230V inabaki na asilimia 68 ya nguvu yake. Wati 800 zinakuwa 545. Kama jiko lilikuwa linafika 120°C kwa shida, halitafika, na hakuna kidhibiti kinachoweza kuongeza kisichokuwepo. Chukua hita yenye ziada ya theluthi, PID itaibana. Umeme ukikatika na kurudi, STC-1000, ITC-308 na REX hukumbuka joto ulilopanga na kuendelea. Hilo ni jema, lakini hazikuambii ulikatika kwa muda gani. Nyama iliyokaa kati ya 4 na 60°C kwa zaidi ya saa nne ni ya kutupa, haina mjadala.

Sasa lile tulilosema tutalirudia. Rilei hugandia, SSR hufungulia, kihisi hung'oka na kuanguka sakafuni. Katika hali zote tatu hita huwaka bila kikomo ndani ya kabati lenye mafuta. Kwa hiyo, kidhibiti chochote utakachochagua, weka kwenye waya wa laivu wa hita kikata joto cha pekee kisichotegemea kidhibiti: themostati ya kapilari, au kidonge cha KSD301 cha 10A na 250V cha kurudishwa kwa mkono, cha 150°C kwa jiko la nyama au 110°C kwa la samaki, kifungwe juu ndani ya kabati. KSD301 za kujirudisha zenyewe zipo pia na zinafanana. Hizo usichukue, kwa sababu zitawasha na kuzima usiku kucha bila wewe kujua kuna kilichokufa. Ongeza ethi kwenye bati la kabati, sakiti breka ya 16A, kinga ya mshtuko ya 30mA, waya wa 2.5 mm² hadi kwenye boksi, na ndani ya jiko waya wenye ngozi ya nyuzi za kioo, si wa plastiki. Usisafishe jiko kwa kuamini kwamba SSR imezima: hata ikiwa imezima huvujisha umeme kidogo. Chomoa plagi.

Baada ya kila mara tatu au nne za kubanika, futa kihisi kwa kitambaa chenye siki. Lami ya moshi ikiganda juu yake huchelewa kusoma, na jiko lililokuwa limetulia huanza kuyumba kama la themostati. Wengi hapo hukimbilia kuwasha ATU upya, wakati kinachotakiwa ni kitambaa.